BoT ilishusha riba hadi 5.75, mbona mkopo wa biashara haujashuka?

Mtaji_Mdogo
Wakuu, Julai 2025 Kamati ya Sera ya Fedha ya Benki Kuu ya Tanzania (BoT) ilishusha Riba ya Benki Kuu kutoka asilimia 6 hadi 5.75. Mikopo ya biashara imebaki palepale, karibu na 15. Tangazo hili linamsaidia nini mkopaji? Na nitajuaje kama benki kuu inatenda inachotangaza?

Kizibao
Mkuu, riba ile haiulengi mkopo wako moja kwa moja. Tangu Januari 2024, BoT ilipoacha kulenga ujazi wa fedha (kiasi cha fedha kilichomo kwenye uchumi), inachokilenga ni riba ya siku 7 ambayo mabenki hukopeshana yenyewe kwa yenyewe. Inaruhusiwa kupanda au kushuka pointi 2. Kwa 5.75, basi, mipaka ni 3.75 na 7.75. Fungua taarifa ya uchumi ya kila mwezi, tafuta riba ya siku 7, uipime hapo. Ikikaa nje ya mipaka wiki kadhaa mfululizo, ukwasi (fedha ambazo mabenki yanazo za kukopeshana) umezidi au umekauka, na benki kuu haijaingia sokoni kiasi cha kutosha.

Mkopo unachelewa kwa sababu benki yako ilishachukua amana za muda maalumu kwa riba ya zamani, za miezi 6 au 12, na lazima izilipe hadi ziive. Ongeza asilimia 6 ya amana za wateja binafsi ambayo lazima iwekwe benki kuu, ongeza mikopo chechefu, yaani isiyolipwa kwa wakati. Robo pointi inamezwa humo. Soma pia mkataba wako: kama riba haibadiliki, haitashuka hadi mjadiliane upya.

Pwani_254
Huku Kenya mapema 2023 tuliona madhara ya namba rasmi kuachana na soko. Bei ya dola iliyochapishwa ilikuwa chini ya ile mwagizaji alitozwa na benki yake. Mwenye dola akazikalia, anayezihitaji akanunua kuliko mahitaji yake, na uhaba ukazidi. Soko la mabenki kuuziana dola lilipofufuliwa watu walilia kwamba shilingi inaporomoka, kumbe sehemu ya anguko ilikuwa imeshatokea, ila haikuandikwa popote. Hofu kwamba serikali itashindwa kulipa deni ilipopungua Februari 2024, serikali ilipouza hati fungani mpya ya dola bilioni 1.5 ili kununua sehemu ya ile ya bilioni 2 iliyokuwa iive Juni, shilingi ilirudi kutoka karibu 160 hadi 130 na ushei.

Mizania
Nyongeza kwa Kizibao. Usiishie kwenye riba, soma mizania ya benki kuu (taarifa ya mali na madeni yake), mstari wa mikopo kwa serikali. Mkopo wa muda mfupi ni wa kawaida. Hupanda mapato yanapopungua, hushuka kodi za robo mwaka zikiingia. Ukipanda tu bila kushuka, hizo ni fedha mpya zinazosukuma bei, hata tamko liwe zuri namna gani. Kenya sheria imeuwekea kikomo cha asilimia 5 ya mapato ya kawaida yaliyokaguliwa.

Ninachokikosa zaidi ni kura za kamati. Benki Kuu ya Uingereza tangu Agosti 2015 hutoa uamuzi, kumbukumbu za kikao na kura za wajumbe siku moja. Kura ya 5 kwa 4 na ya 9 kwa 0 zinampa mwekezaji picha mbili tofauti kabisa za kikao kijacho, hata riba ikibaki ileile. Sisi Tanzania tunapewa uamuzi wa kamati nzima na sababu zake za jumla.

Mtaji_Mdogo
Nimeelewa. Naanza na mkataba, kisha riba ya siku 7.