Naomba ushauri: klipu za kamera mbili zimefunikana na mradi mzima umekuwa mwekundu

Mleta uzi
Wakuu, habari zenu. Nimekwama vibaya.

Nimerekodi mahojiano kwa siku tatu: kamera mbili za aina moja, na kinasa sauti pembeni. Kila jioni nilikuwa nahamishia klipu kwenye diski ya nje, zote kwenye folda moja niliyoiita "Video mpya". Siku ya pili kompyuta ikaniuliza kama nataka faili jipya lichukue nafasi ya lile la zamani. Nilikuwa nimechoka, nikabonyeza ndiyo. Kumbe kamera zote mbili zinaanza kuhesabu C0001, C0002, hivyo za kamera B zimezifunika za kamera A. Kadi ya kamera A nilishaifomati, ila sijarekodia kitu tena.

Jana nikaona nipange. Nikatengeneza folda ndogo ndogo, nikahamisha klipu na baadhi nikazibadilisha majina. Kufungua mradi kwenye programu ya kuhariri, taimulaini (mstari wa kupangia klipu) yote nyekundu, yaani programu haizioni klipu. Nina kama saa 9 za picha na watu walionipa muda wao siwezi kuwarudia. Nianze upya? Ninyi mnapangaje? Natanguliza shukrani.

Fundi Kadi
Pole sana mkuu. Kupanga kutasubiri. Hiyo kadi itoe kwenye kamera sasa hivi, usirekodie hata sekunde moja. Mara nyingi kufomati hufuta orodha ya faili tu, picha zenyewe hubaki hadi kitu kingine kiandikwe juu yake. Jaribu PhotoRec, programu ya kuokoa faili zilizofutwa, ni ya bure na haiandiki chochote kwenye kadi. Unachookoa kihifadhi kwenye diski nyingine kabisa. Majina ya awali hayatarudi, na klipu ndefu huenda zikarudi vipande. Zifungue moja moja uzitambue.

Bi Mhariri
Kuhusu wekundu, tulia ndugu yangu. Mradi haubebi picha ndani yake, unabeba anwani tu ya mahali zilipo. Ukihamisha au ukibadilisha jina, anwani imekufa lakini klipu ipo. Rudisha kwanza majina ya zamani kwa zile unazokumbuka, kisha iunganishe programu yako ya kuhariri na klipu upya: kwenye Premiere Pro tumia Link Media, kwenye DaVinci Resolve tumia Relink. Kwa kuwa una C0001 zaidi ya moja, linganisha urefu wa klipu na msimbo wa muda (saa, dakika na sekunde ambazo kamera huandika kwenye klipu) kabla ya kukubali. Programu inaweza kukuunganishia sura ya mtu mwingine na usigundue mpaka mwisho.

Mzee wa Folda
Mimi kosa lako nalijua, nimelifanya. Dawa yake ni kila kadi kuwa na nyumba yake. Folda ya mradi ianze na mwaka, 2025-03-14_mahojiano, maana kompyuta hupanga kuanzia kushoto na tarehe zitajipanga zenyewe. Ndani weka picha, sauti, mradi, na kazi zilizokamilika. Ndani ya picha: siku1, halafu kamA_kadi01, kamB_kadi01. Hapo C0001 kumi zinaweza kuishi bila kugusana.

Na nakili kadi yote kama ilivyo, pamoja na zile folda usizozielewa. Kamera nyingi huweka pembeni ya klipu faili dogo la XML lenye taarifa zake. Ukichomoa video peke yake, hilo unaliacha. Mpango huu ufanyike kabla ya kuingiza klipu ya kwanza kwenye programu. Baada ya hapo usiguse kitu nje ya programu.

Kisiki
Naungana na Mzee, ila kwenye majina tunatofautiana. Mimi huongeza kiambishi mbele tu, A01_C0001, kabla ya kuingiza. Folda inaweza kuhamishwa kwa bahati mbaya, lakini jina halitengani na klipu.

Mzee wa Folda
Kisiki, ukibadilisha jina la video, lile la XML halilingani nalo tena. Na kuna kamera ambazo jina lina kazi: GoPro hukata rekodi ndefu, GX010034 inaendelea na GX020034, huku GX010035 ni rekodi nyingine kabisa. Mtu asiyejua akizipa majina mapya, mfuatano umepotea. Maelezo kama "A, jibu la pili" yaandike ndani ya programu ya kuhariri.

Bi Mhariri
Nyongeza: kama kamera inarekodi megabiti 100 kwa sekunde, saa moja ni takriban gigabaiti 45, hivyo saa zako 9 ni kama 405. Nunua diski mbili. Kadi haifomatiwi mpaka nakala zipo kwenye zote mbili, umelinganisha idadi na ukubwa wa faili, na umefungua klipu kadhaa. Pia weka saa za kamera zote sawa kabla ya kuanza, na upige makofi mara moja mbele ya kamera ili upate pa kulinganishia sauti ya kinasa na picha.

Mleta uzi
Mrejesho wakuu. Wekundu umeisha, zimebaki klipu nne nilizosahau majina yake. PhotoRec imeokoa nyingi za kamera A, mbili zimekatika katikati. Sauti ya kinasa ninayo nzima, kwa hiyo hapo nitaweka picha ya kamera B. Bi Mhariri, je, zilizookolewa niziweke kwenye kamA_kadi01 au zipate folda yake?

Bi Mhariri
Folda yake: kamA_kadi01_zilizookolewa. Usizichanganye.