Uzi maalumu wa Coastal Union, timu yetu ya mpira Tanga: mechi gani haijakutoka moyoni? Tupeane uzoefu

Mgosi wa Makorora: Wakuu, leo nimepita uwanja wetu wa Mkwakwani nikasikia vijana wanapasha ndani, nikakumbuka mbali. Timu imezaliwa 1948, imepanda, imeshuka, ipo. Kila mtu amwage yake. Yangu ni 2016. Tanga tulikuwa na timu tatu Ligi Kuu, Coastal, African Sports na Mgambo. Zikashuka zote msimu mmoja. Mkoa mzima! Kijiweni hata wale wa Simba na Yanga hawakututania.

Binti Chumbageni: Umenitonesha kidonda, mgosi.

Babu Ngamiani: Nyie wanangu mnaanzia 2016. Mimi naanzia 1988, ubingwa wa Bara. Mechi za ugenini tulisikiliza RTD, Redio Tanzania ya enzi hizo, redio ya betri imefungwa mpira wa baiskeli isiachie, watu wamejaa barazani mpaka barabarani. Tanga ya mkonge ile. Hamtaiona tena.

Kimanumanu: Babu shikamoo, ila usiwadanganye watoto. Mji huu wenyewe ni African Sports.

Babu Ngamiani: Marahaba. Anzisha uzi wako.

Dada wa Korogwe: Nisikilizeni mimi. Arusha, Julai 2022, fainali ya Kombe la Shirikisho na Yanga. Tumetoka Tanga usiku na Kosta ya kukodi, ngoma mpaka Segera. Karibu na Mombo tairi likapasuka, jeki hamna. Dereva akasimama katikati ya barabara kusimamisha malori, tukapata jeki kwa mtu wa mkonge. Kufika Sheikh Amri Abeid, kijani na njano kila upande, sisi tumebanwa kona moja. Sopu, mshambuliaji wetu, akafunga, tukalia. Yanga wakarudisha, wakaongeza. Sopu tena! Dakika za nyongeza Sopu akaweka la tatu, nikamkumbatia baba mmoja nisiyemjua, kofia yake ikadondoka ikakanyagwa na hakujali. Jamani, tulikuwa tunaongoza fainali mbele ya Yanga! Wakasawazisha, 3-3. Penalti wakatufunga 4-1. Mtu anafunga matatu kwenye fainali halafu anaondoka bila kombe. Nililia mbele ya wakwe zangu na sikuona haya.

Mwana Pangani: Nilikuwepo. Mpaka leo marudio ya ile mechi siangalii.

Kijana wa Mikanjuni: Na kocha alikuwa Mgunda, mtoto wa Tanga, kaichezea Coastal kaifundisha. Miezi miwili tu Simba wakamchukua. Sopu akaenda Azam. Mabeki wetu nao, 2020 Mwamnyeto akaenda Yanga, Ame Simba. Tunalea, wenzetu wanavuna.

Mgosi wa Makorora: Bila kuuza mtalipa mishahara na nini?

Kijana wa Mikanjuni: Basi tuuze kwa bei ya maana.

Binti Chumbageni: Mbona hakuna anayemtaja Alikiba, yule mwanamuziki? Usajili wake wa 2018 ndio uliofanya nchi nzima ituzungumzie.

Mwana Pangani: Nafasi ile angepewa kijana wa mtaani anayefanya mazoezi asubuhi na jioni.

Binti Chumbageni: Tulikuwa tumetoka kupanda daraja, jina lilihitajika. Au umesahau?

Mwana Pangani: Sijasahau. Nasema mpira uchezwe na wachezaji.

Dada wa Korogwe: Jamani nimesimulia Arusha mmehamia kwa Alikiba?

Mgeni Raskazone: Samahani wakuu, nataka kumpeleka mwanangu Mkwakwani mara ya kwanza. Tukae wapi?

Kijana wa Mikanjuni: Mzunguko, kule kusiko na paa, ndiko kwenye ngoma.

Binti Chumbageni: Usithubutu, jua litamuua. Jukwaa kuu, na maji ubebe.

Babu Ngamiani: Usimpeleke siku ya Simba wala Yanga. Mpeleke mechi ndogo aijue timu yake kwanza.

Mwana Pangani: Mpeleke siku ya Simba! Mimi ndiko nilikoipendea.

Kimanumanu: Au mlete kwetu.

Mgosi wa Makorora: Na ile ya Kombe la Shirikisho Afrika 2024, na timu ya Angola, nani anayo? 3-0 kwao, marudiano Dar 0-0, wengine tumeishia banda umiza. Halafu Babu, kama una picha ya kikosi cha 1988 iweke hapa, wengi wetu hata sura zao hatuzijui.