Niandikeje taabini ya mama aliyefundisha darasa la kwanza karibu maisha yake yote?

Kitindamimba wa Kisumu

Hamjambo wanajukwaa. Mama yetu alituacha wiki iliyopita akiwa na miaka 88 kwa mujibu wa kitambulisho chake, na kwa kuwa mimi ndiye niliyesomea Kiswahili katika familia, nimetwikwa jukumu la kuandika taabini itakayosomwa kanisani na kuchapishwa katika kijitabu cha mazishi. Nimekwama. Niliandika kwamba alikuwa mke mwaminifu, mama mlezi na mwalimu mwenye bidii, kisha nikatoa vijitabu vya mazishi vilivyomo kabatini na kukuta maneno hayo hayo yameandikiwa watu wanne, mmoja wao akiwa mjomba ambaye sote tunajua alivyoishi.

Ukweli ni kwamba maisha ya mama hayakuwa na makuu. Alihitimu ualimu mwaka wa 1957, akaolewa miaka miwili baadaye, akafundisha hadi alipostaafu mwaka wa 1992, na karibu muda huo wote alikuwa katika darasa la kwanza, kwa sababu kila mwalimu mkuu aliyehamia pale alimkuta hapo na kumwacha hapo. Baba alikuwa fundi katika meli za ziwa. Alipooza upande mmoja mwaka wa 2001, na mama akamuuguza kwa miaka tisa. Jioni alimsomea Taifa Leo, akianzia ukurasa wa mwisho kwa kuwa baba alitaka kwanza habari za timu ya Gor Mahia, na siku ambazo Gor walikuwa wameshindwa, mama aliuruka ukurasa huo na kudai kwamba gazeti la leo halina michezo.

Nauliza mambo mawili. Mtu huandika nini kuhusu maisha ambayo kila siku ilifanana na jana yake? Halafu kaka anashikilia kwamba mama alizaliwa mwaka wa 1934, kama kadi ya ubatizo isemavyo, ilhali kitambulisho kinasema 1937. Tuchapishe upi?

Mwalimu Mstaafu, Nakuru

Poleni sana kwa msiba, mwanangu. Mimi nami nilishika chaki kwa miaka 33, kumi ya kwanza huko Kisumu na iliyobaki hapa Nakuru, kwa hiyo niruhusu nikukosoe kwa upole. Umelitaja darasa la kwanza kana kwamba ni mahali alipokwama. Mwalimu wa darasa la saba aliletewa watoto wanaojua kusoma, akawaandaa kwa CPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, nao walipofaulu jina lake likatajwa siku ya wazazi. Mwalimu wa darasa la kwanza aliletewa mtoto asiyejua penseli inashikwa vipi, anayezungumza Kijaluo peke yake na kumlilia nyanya yake hadi saa nne, na hakuna mtihani wa taifa uliowahi kumpima mwalimu huyo kwa kazi hiyo.

Tazama pia miaka aliyofundisha. Mimi niliajiriwa Januari 1974, mwezi ule ule serikali ilipoondoa karo kuanzia darasa la kwanza hadi la nne, na idadi ya watoto wa darasa la kwanza nchini ikaongezeka zaidi ya maradufu kwa mara moja. Shuleni kwetu tuliwagawa, wengine wakasoma asubuhi na wengine alasiri, na waliokosa nafasi darasani wakaketi chini ya mti. Baadaye wazazi walianza kudaiwa pesa za ujenzi, na wengi wa watoto hao wakarudi nyumbani. Mama yako aliwapokea wote na kisha akawaona wakipungua, na hilo peke yake ni aya nzima.

Kisha umesema baba alikuwa fundi wa meli, lakini hukugusa mwaka wa 1977. Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoendesha reli na meli za ziwa, ilipovunjika nilikuwa bado Kisumu, nikaona majirani waliofanya kazi katika reli na bandarini wakikaa bila kujua mwajiri wao ni nani. Meli ya Victoria iliishia Tanzania. Katika mtaa wetu, nyumba zilizokuwa na mshahara wa mwalimu ndizo zilizopika jioni bila kuhesabu vikombe vya unga. Muulize dada yako mkubwa ni nani aliyelipa karo mwaka huo. Ukipata jibu, hutahitaji tena kuandika "mke mwaminifu".

Na tafuteni chini ya kitanda chake. Walimu wa darasa la kwanza wa enzi zetu walikuwa na mkebe wa vizibo vya soda, vilivyotobolewa kwa msumari na kutungwa kumi kumi kwenye uzi wa katani, ili mtoto ahesabu kwa vidole vyake na si kwa kinywa tu. Penseli walizikata katikati kwa wembe, moja ikatosha watoto wawili.

Nyar Ugenya

Pole sana, ndugu yangu. Nina nyongeza fupi. Usisahau kutaja alikozaliwa, maana wazee wa upande wa baba yako huenda hawakumwita kwa jina lake la ubatizo hata siku moja. Kwao alikuwa "nyar", yaani binti, wa mahali alipotoka, na wakisikia jina rasmi peke yake watanong'onezana kuuliza ni nani anayezikwa. Halafu tenganisha tanzia na taabini. Orodha ya mashemeji, wakwe na wajukuu ina mahali pake katika tanzia ya redioni na gazetini. Ukiiingiza kwenye taabini itakula ukurasa wote, na mama atabaki na mistari mitatu.

Karani wa Parokia

Kuhusu mwaka wa kuzaliwa, walimu wa wakati huo walistaafu wakiwa na miaka 55, na kiwango cha miaka 60 kilikuja mwaka wa 2009. Aliyestaafu mwaka wa 1992 kwa sababu ya umri aliandikishwa kazini kama mzaliwa wa 1937, kwa hiyo faili yake ya kazi na kitambulisho chake vinakubaliana. Hilo halithibitishi alizaliwa lini. Linathibitisha tu alivyoandikishwa. Sasa itazameni kadi ya ubatizo, si kwa mwaka wa kuzaliwa bali kwa tarehe ya ubatizo wenyewe. Kama alibatizwa akiwa mchanga, kaka yako ana hoja nzito. Kama alibatizwa akiwa msichana mkubwa baada ya kusomea katekisimu, basi mwaka huo ulikadiriwa kwa kumtazama, jambo ambalo naliona kila wiki katika madaftari ya zamani. Mkishindwa kuelewana, fuateni kitambulisho, kwa kuwa ndicho kitakachofuatwa katika kibali cha mazishi, na msalaba usije ukatofautiana na karatasi.

Kitindamimba wa Kisumu

Asanteni nyote, na shikamoo Mwalimu. Kadi inaonyesha kwamba alibatizwa mwaka wa 1949, kwa hiyo 1934 yalikuwa makadirio. Isitoshe, shangazi amekumbusha kwamba mjomba wao aliporudi kutoka Burma baada ya vita, mwaka wa 1945, alimbeba mama mabegani hadi kisimani, na kaka amekiri kwamba msichana wa miaka kumi na mmoja habebwi mabegani. Tumechukua 1937.

Dada anasema kwamba mwaka wa 1977 mama alikopa katika chama cha akiba na mikopo cha walimu, akalipa karo ya watoto wanne, kisha akamwambia baba kwamba ni malimbikizo ya mshahara wake yaliyotumwa kutoka Nairobi. Deni hilo alilimaliza mwaka wa 1981. Baba hakujua, au alijua akanyamaza. Sasa hakuna wa kutuambia.

Mkebe tumeupata. Ni wa mafuta ya kupikia ya Kimbo, una tungo tisa za vizibo, na moja ina vizibo kumi na kimoja, sijui ni kwa ajili ya mtoto gani. Kijitabu kinakwenda kwa wapiga chapa kesho asubuhi. Kaka ameomba "mcha Mungu" libaki, nami nimeliacha, mstari mmoja, chini ya aya ya vizibo.