Bomba la inchi 1 linabonyea nikilikunja, nakosea wapi?

Fundi Mkokoteni (Mtwara): Wakuu, nakunja mpini wa mkokoteni kwa bomba jeusi (chuma kisichopakwa zinki), unene wa milimita 2, nyuzi 90. Nimejaza mchanga wa ufukweni, lakini ndani ya kona panafanya makunyanzi na bomba linakuwa bapa. Shida nini?

Mvukuto: Mchanga wako haujashiba. Chekecha laini, ziba chini kwa kigingi cha mti, simamisha bomba, jaza kidogo kidogo huku ukiligonga ubavuni kwa nyundo hadi mchanga uache kushuka. Halafu kigingi cha juu. Na kona yako ni kali mno: nusu kipenyo cha mkunjo, yaani kutoka kitovu cha duara la kona hadi katikati ya bomba, kisipungue mara 3 ya kipenyo cha bomba. Pasha sehemu ya kona tu hadi iwe rangi ya chungwa, kunja taratibu. Ikirudi kuwa nyekundu iliyofifia, acha, rudisha motoni. Ukilazimisha hapo ndipo makunyanzi yanapoanzia.

Mzee wa Fuawe, Lindi: Mdogo wangu, mchanga wa bahari una chumvi, na chumvi huvuta unyevu. Uoshe kwa maji yasiyo na chumvi, ukaange kwenye karai mpaka ukauke kabisa. Mvuke ukifungiwa ndani, kigingi kinaruka kama risasi! Kitoboe tundu dogo, na usisimame usawa wa mdomo wa bomba.

Mvukuto: Kweli kabisa. Mshono wa bomba (mstari lilipounganishwa) nao uweke ubavuni mwa kona, si nje wala ndani.

Fundi Mkokoteni: La mabati je?

Mzee wa Fuawe, Lindi: Hilo usilitie motoni. Limepakwa zinki, na moshi wa zinki unaleta homa.