Ufunguzi wa filamu fupi, Jambiani: shoti 14 ni nyingi?

Mwanafunzi_Kamera
Assalaam alaykum. Filamu yetu ya chuo ni ya dakika 7: msichana anamfuata bibi yake shamba la mwani Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, na msichana kazi hiyo haitaki tena. Ufunguzi nimeupangia shoti 14, sekunde 100: jua linachomoza, droni juu ya Mji Mkongwe, Forodhani, milango ya nakshi, ndio tena pwani, maji yametoka kabisa. Tuna siku mbili, kamera moja, lenzi ya mm 50 na ya mm 18–55. Nipunguze wapi?

Kipande_cha_Kwanza
Waalaykum salaam. Toa Mji Mkongwe wote. Ukimpitisha mtazamaji Forodhani atamngoja mtu wa Forodhani, na hatomwona. Tena Forodhani inatazama magharibi: jua linatua pale, halichomozi. Droni nayo ina kibali chake cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, mbali na kile cha kupiga filamu. Milango ya nakshi, jamani, tumeshaiona.

Anzia mikononi. Bibi yuko barazani anafunga mwani kwenye kamba kwa taitai, vile vijikamba vyembamba. Mm 50, karibu kabisa. Mkono wa pili unaingia, unafunga fundo, linalegea. Mkono wa bibi unalifungua na kulifunga upya. Hapo uso wa msichana. Neno halijasemwa na tushajua nani hataki. Sekunde 35 hadi 40 zinatosha kwa ufunguzi mzima.

Maji_Mafu
Kubwa zaidi halijaguswa: jua kuchomoza na maji kutoka kabisa hamtovipata pamoja. Wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kutoka sana, tuseme tarehe 1–3 na 15–17 za mwezi wa Kiislamu, maji hukauka mnamo saa 4 asubuhi, na jua liko juu tangu saa 12 na kitu. Mkitafuta siku ambayo maji yanatoka alfajiri mtaangukia maji mafu. Hayaendi mbali, na shamba halionekani vizuri.

Kwa hiyo saa 12 na nusu pigeni mikono barazani. Saa 2, maji yakiwa yanatoka, mwendo wa kwenda pwani, jua bado liko ubavuni. Saa 4 shoti pana tu, kwani nyuso zinakuwa nyeusi chini ya mitandio na mchanga unawaka. Mkilazimika kupiga uso, shuka jeupe, watu wawili walikunjue mita moja na nusu kutoka kwake, limrudishie mwanga usoni. Siku ya pili maji huchelewa, basi sogezeni ratiba yake mbele dakika 40 hadi 50, ama sivyo katika shoti moja maji yatakuwa ya magoti na inayofuata ya kifundo.

Sikio_la_Pembeni
Mkipiga fremu 25 kwa sekunde, shata 1/50, ISO 100, juani mtasukumwa hadi f/22, yaani tundu la lenzi dogo mno, na picha ipoteze makali. Chujio la ND16, kioo cheusi cha kupunguza mwanga, linawarudisha f/5.6.

Maiki ya kamera pwani kwenye kusi inatoa mvumo mtupu. Ivisheni kifuniko cha manyoya cha kukinga upepo, na maneno yarekodini barazani. Kila mahali chukueni sekunde 60 za ukimya wa pale pale, za kuunganishia sauti, mtu asikohoe. Adhana ikianza, simamisheni: ikirukaruka baina ya shoti mbili, hapa kwetu hakuna asiyeigundua. Na sauti ya kamba ikivutwa itangulie picha, gizani.

Mwanafunzi_Kamera
Ahsanteni sana. Basi: giza na kamba sekunde 3, mikono 6, fundo 5, uso 4, mwendo 8, shoti pana na jina la filamu 10. Jumla 36. Jina likae sekunde ngapi?

Kipande_cha_Kwanza
Lisome kwa sauti mara mbili bila haraka, muda huo ndio wake. Herufi nyeupe ziweke juu ya mchanga uliorowa. Kwenye anga la saa 4 zitamezwa.