Kompyuta inarudi nyuma masaa matatu kila siku baada ya kuweka Windows 11, msaada wakuu

stationari_sinza:
Wakuu habari za humu. Nina kompyuta ya stationari hapa Sinza, ilikuwa na Windows 10 na pembeni ina Ubuntu (mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta) maana kuna dogo anajifunzia programu jioni tukishapunguza wateja. Microsoft waliposimamisha sapoti ya Windows 10 Oktoba 2025 nikaona nihamie 11, ikaingia vizuri tu. Shida ni saa. Nawasha asubuhi saa nne, yenyewe inaandika 07:00, narekebisha kwa mkono inakaa sawa mchana kutwa, kesho nakuta imerudi kulekule. Siku nikisahau kurekebisha risiti zinatoka na muda wa uongo, mteja kalipa mchana karatasi inasema asubuhi, naonekana tapeli. Fundi anasema betri ya madabodi (ubao mkuu wa ndani ya kompyuta) imekufa nimpe hela abadilishe. Nimpe?

kipande_cha_waya:
Angalia ukanda wa saa kwanza mkuu. Kwenye Windows usitafute Dar es Salaam hutaiona, chagua ile ya UTC+03:00 Nairobi (UTC ni saa ya dunia ya kulinganishia), ni saa yetu hiyohiyo.

stationari_sinza:
Ipo Nairobi tayari mkuu, nimeangalia.

mama_seva:
Usimpe hela bado kaka. Betri ikifa saa haipotei masaa matatu kamili kila siku, inapotea hovyo, ukichomoa umeme unakuta tarehe imerudi miaka nyuma na mara nyingi BIOS (programu inayoanza kompyuta ikiwashwa) inalalamika wakati wa kuwaka. Wewe unapoteza matatu kamili na sisi tuko UTC jumlisha tatu, hapo tayari jibu limeshajionyesha. Ubuntu inaiandika saa ya madabodi kwa UTC, Windows ikija inaisoma ile namba ikidhani ndo saa ya Dar. Dogo akizima Ubuntu jioni, wewe asubuhi unakula hasara. Zamani inawezekana aliyekuwekea Ubuntu aliiambia Windows isome UTC, na apgredi huwa inaweza kuufuta huo mpangilio.

Fungua komandi (Command Prompt) kama admini uandike hii, inaiambia Windows isome UTC:

reg add "HKLM\SYSTEM\CurrentControlSet\Control\TimeZoneInformation" /v RealTimeIsUniversal /t REG_DWORD /d 1 /f

Kisha ristati, nenda kwenye mipangilio ya tarehe na saa ubonyeze kitufe cha kusinki, yaani kulinganisha saa na ya mtandao.

jirani_wa_mwenge:
Kuna njia fupi zaidi, ingia Ubuntu uandike sudo timedatectl set-local-rtc 1 basi, Ubuntu nayo itaiandika saa ya madabodi kwa saa ya Dar, na apgredi ya Windows haitaigusa. Itakupa onyo refu, ila sehemu kubwa ya onyo lile inahusu nchi zinazosogeza saa mbele na nyuma kila mwaka, sisi hapa hatuna mambo hayo.

mama_seva:
Ni kweli jirani, inafanya kazi. Mimi bado napendelea UTC kwenye madabodi, ila kaka chagua MOJA tafadhali, ukifanya zote mbili saa itaanza kukimbia mbele masaa matatu na utarudi hapa unalia upya.

stationari_sinza:
Nimefuata ya dada mama_seva. Sasa kitufe cha kusinki kinazunguka halafu kinasema imeshindikana.

mama_seva:
Andika net start w32time, halafu w32tm /resync, halafu w32tm /query /status. Kwenye mstari wa chanzo ukiona Local CMOS Clock ujue haijaongea na seva yoyote ya nje, inajisikiliza yenyewe. Hapo angalia rauta au antivirasi kama inazuia UDP 123, maana saa inapita mlango huo na kuna watu wanafunga kila kitu wakidhani ndo usalama. Jaribu kwa hotspoti ya simu, ikikubali basi tatizo ni rauta. Na kwa wengine mtakaosoma, kama saa imepotea mbali sana, zaidi ya masaa 15, Windows kwa kawaida inagoma kujirekebisha, kwa hiyo weka tarehe na saa ya karibukaribu kwa mkono kwanza ndo usinki.

stationari_sinza:
Kwa hotspoti imekubali papo hapo!! Chanzo sasa kinaandika time.windows.com. Nimemwacha dogo afungue Ubuntu makusudi akazima, nimewasha Windows saa iko sawa na ya simu. Rauta nitamwita aliyeifunga aje afungue huo mlango. Dada asante sana, na hela ya betri imebaki mfukoni.