Mjadala: Mwanafunzi wa uhandisi kutoka nje apewe mradi wa maji, au apewe fundi wa kumfuata?

Wadau wa Newala, Tandahimba na Masasi, na nyie wa Lindi msikae kimya. Kijijini kwetu imeingia barua. Kijana wa Ulaya, mwaka wa pili wa uhandisi, anajiandaa kuja kujitolea miezi mitatu na anaomba aonyeshwe mahali pa kufunga pampu ya mkono. Halmashauri ya kijiji imegawanyika. Mimi nasema aje, karibu sana, ila mradi asikabidhiwe.

Kijana wetu akimaliza digrii hajawa mhandisi bado. Anapitia SEAP, mafunzo kazini ya Bodi ya Usajili wa Wahandisi, miaka 3 chini ya msimamizi, ndipo aombe usajili kamili. Huyu wa mwaka wa pili, kwa vile kashuka na ndege, achore peke yake?

Halafu tupo juu ya uwanda wa Makonde, jamani. Maji yako chini mno, ndiyo maana mradi wa Makonde unayasukuma kutoka Mitema, bondeni, na wengine tunakinga ya mvua kwenye bati. Afridev, pampu ya mkono inayopendwa sana kwenye miradi hii, ilibuniwa kwa kina cha kama mita 45. Ukishuka kuelekea Mto Ruvuma, sawa. Huku juu itabaki chuma cha kufungia mbuzi.

Na hata huko bondeni, nendeni mkaione ile ya shuleni. Mkono unaning'inia, bushi za plastiki zimelika. Ni kazi ya spana moja! Aliyeifunga kaondoka, namba yake haipatikani, na kamati ya maji haikuachiwa hata mpira mmoja wa akiba.

Ajiandae hivi: Kiswahili kwanza. Akifika amfuate fundi wetu, wazunguke kituo kwa kituo waandike kipi kinatoa maji, kipi kimekufa na kimekufa kwa nini. Na abebe fedha za vipuri.

Mama wa Kitangari: Mwenzangu unaongea kama mwenye bomba uani. Kiangazi sisi tunanunua maji kwa ndoo. Akija na fedha ya tangi la mvua, mie nimuulize cheti cha nini?

Mleta mada: Tangi nakubali, mama, na waashi wa kulijenga tunao. Ninachouliza ni nani atasaini mchoro, na likipasuka tutamdai nani.

Mdau wa Lindi: Na vijana wetu waliosoma ufundi bomba chuo cha VETA? Wako kijiweni wanasubiri msimu wa korosho. Asije kabisa, atume hiyo nauli iwalipe wao.

Mleta mada: Kuwalipa vijana nakuunga mkono. Asije, hapo nakukatalia. Huyu kesho ndiye atakayekaa ofisini kwao kupitisha miradi ya huku, naye bado anaamini pampu ya mkono inafaa Newala. Heri aione Mitema sasa, angali mwanafunzi na angali anauliza. Barua tunaijibu Jumamosi. Mwenye hoja ya kuipinga ailete kabla ya hapo.